Mtoto kagonga kichwa saa nane mchana, mimi mzazi nikapata habari saa mbili usiku. Nani alikuwa anamlinda?

Wadau, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Wiki iliyopita binti yangu wa miaka 16, yuko kidato cha 3, alikuwa na timu ya soka ya shule yao kwenye michezo ya muhula wa pili. Sisi tunakaa Umoja, michezo ilikuwa katika shule moja upande wa Ngong Road, na kwa sababu ya foleni za Nairobi shule ikaamua wasichana walale hukohuko siku 4. Nikatuma shilingi 2,500 kwa M-Pesa, nikasaini fomu ya ruhusa, nikamfungia blanketi.

Siku ya pili, saa nane mchana, akagongana na beki wa timu pinzani wakiwania mpira wa juu. Akaangukia kichwa kwenye uwanja mkavu kama lami. Wenzake wanasema alilala pale kama dakika moja, anaitwa haitiki. Akamwagiwa maji, akapuliziwa ile dawa ya misuli shingoni, akainuliwa, kocha akamuuliza: "Unaweza?" Mtoto wa miaka 16, robo fainali, mechi iko 1-1, timu nzima inamtazama. Angejibu nini? Akacheza mpaka filimbi ya mwisho. Halafu akatapika mara mbili nyuma ya basi.

Hakukuwa na ambulansi. Hakukuwa na muuguzi. Kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na bandeji, mkasi na hiyo dawa ya kupuliza.

Mimi nilipigiwa simu saa mbili usiku, na aliyenipigia ni mama wa mwenzake: "Dada, mtoto anaendeleaje?" Sikujua anazungumzia nini. Nikampigia mwalimu wa michezo, simu imezimwa. Kocha akapokea, akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, yuko sawa, amelala." Mtu aliyegonga kichwa na kutapika haachwi alale gizani bila mtu mzima wa kumwangalia. Hilo halihitaji udaktari.

Nikapanda matatu hadi katikati ya jiji, nikachukua boda kutoka hapo. Nimefika langoni saa nne usiku. Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo hasira yangu ilipogeuka hofu. Askari alinifungulia lango bila kuniuliza jina. Sikuandika popote. Nikatembea ndani ya shule yenye mamia ya watoto wa watu, nikakuta wanaume wawili kwenye ukumbi wa madarasa, nikawauliza wasichana wa timu fulani wamelala wapi, wakaninyoshea kidole: mlango wa tatu. Nikausukuma. Haukuwa na komeo. Ndani wasichana kama 40 wa timu mbili, magodoro chini yamebanana, madirisha yana nondo, mlango ni huo mmoja. Mwalimu wa kike hakuwemo. Nikamchukua binti yangu, nikatoka naye akipepesuka, tukapita langoni, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala ninampeleka wapi mtoto huyo.

Ningekuwa mtu mwingine je?

Hospitalini daktari alisema ni mtikisiko wa ubongo. Akanieleza kwamba mchezaji anayeshukiwa tu kuwa nao anatolewa uwanjani na harudi siku hiyo, hata akisema anaweza, kwa sababu pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuua, na kwa vijana hatari ni kubwa zaidi. Kwenye raga wanafundishwa hivyo miaka mingi: ukishuku, mtoe. Kumtoa mchezaji hakuhitaji pesa wala mashine. Kunahitaji mtu mmoja kando ya uwanja ambaye kazi yake si kushinda mechi.

Na hapo ndipo nilipo tangu Jumatatu. Nauliza swali moja: mtu huyo ni nani? Nilimuuliza kocha, akasema yeye ni wa mazoezi tu, mambo ya wanafunzi ni ya mwalimu wa michezo. Mwalimu wa michezo akasema usalama ni wa shule mwenyeji. Shule mwenyeji wakasema wao walitoa uwanja na madarasa, niwaone waandalizi. Mwandalizi niliyempata kwa simu akasema kila shule inawajibika kwa wanafunzi wake. Nimezunguka duara nzima nikarudi kwa kocha.

Kuhusu kocha kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Si mwalimu. Ni kijana wa mtaani anayelipwa posho na shule. Mwalimu akimdhulumu mwanafunzi, TSC, ile tume inayosajili na kuajiri walimu, yaweza kumfuta kwenye sajili, na waraka wao wa 2010 unamtaka mwalimu aliyepata habari za mtoto kudhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Kocha wa posho hayumo kwenye sajili hiyo. Akifukuzwa shule hii kimyakimya, muhula ujao yuko shule nyingine na filimbi shingoni. Ndiyo, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inamfunga mfanyakazi yeyote wa shule anayetumia nafasi yake kumpata mwanafunzi, kifungo kisichopungua miaka 10. Lakini hiyo inakuja baada ya mtoto kuumia. Nani anamchunguza kabla hajapewa ufunguo wa basi lenye wasichana 18?

Halafu vijeba, wale wachezaji waliopita umri. Kila mwaka tunasikia timu imekatiwa rufaa kwa kuchezesha vijeba na mamluki wasio wanafunzi wa shule hiyo, na mjadala wote unakuwa wa pointi na kombe. Sijasikia mtu akisema kwamba kijeba wa miaka 22 anayemkaba mtoto wa 15 uwanjani, usiku analala naye chumba kimoja. Beki aliyegongana na binti yangu, wasichana wenyewe wanasema ana mtoto nyumbani. Siwezi kuthibitisha, na simlaumu huyo dada. Namlaumu mtu mzima aliyemvisha jezi.

Kuna na yule mwanamume wa kando ya uwanja aliyekuwa akipiga picha na kukusanya namba za wasichana, eti anatafutia klabu wachezaji. Binti yangu alinionyesha ujumbe wake: aje majaribio, aje peke yake, asimwambie kocha. Nimeshapiga 116, ile namba ya bure ya watoto, na nimeandikisha polisi. Walimu walimwona siku 3 mfululizo. Hakuna aliyemuuliza ametumwa na nani.

Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwenye moto wa bweni kule Hillside Endarasha, Nyeri. Nchi nzima ikalia. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unasema wazi: madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifungukie nje, kitanda na kitanda viachane mita 1.2. Likija suala la michezo, darasa linageuzwa bweni kwa siku 4 na mwongozo unasahaulika. Kwani moto unajua kwamba hao ni wageni wa michezo?

Kuna atakayeniambia nimtoe binti yangu kwenye soka. Sitamtoa. Nimeona wasichana wa huku kwetu Eastlands waliolipiwa karo kwa sababu ya miguu yao, na wangu akiwa na mpira ndipo namwona amekamilika. Mchezo haujamkosea. Watu wazima ndio waliomkosea.

NYONGEZA, Jumatano usiku: Fomu ya raundi ijayo imetumwa kwenye kikundi cha wazazi. Ni ileile, neno kwa neno, pamoja na ule mstari kwamba shule haitawajibika kwa jeraha lolote. Wazazi 9 wameshajibu kwamba wamesaini. Niliandika hapo chini nikiomba vitu vitatu: jina na namba ya mtu mzima atakayewalinda watoto usiku na mchana, mwalimu wa kike wa kulala chumba kimoja nao, na hospitali watakakokimbizwa wakiumia. Alama za kusomwa zimetokea. Jibu hakuna. Mzazi mmoja amenijia kando, akaniambia naharibia timu.

Basi linaondoka Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi. Binti yangu hayumo, daktari amemzuia. Mimi nitakuwa langoni saa kumi na moja na nusu na karatasi ya maswali yale matatu. Mzazi yeyote wa timu hiyo anayesoma hapa, njoo tusimame pamoja kabla dereva hajawasha gari.