Ushauri: kituo kimoja cha kliniki, malezi na maandalizi huku Micheweni

Mwanakamati_Kaskazini
Asalam aleikum. Kamati yetu ya shehia (eneo dogo la utawala chini ya wilaya), Wilaya ya Micheweni, Pemba, inapanga kituo cha watoto wadogo pamoja na wazazi wao. Sasa hivi mama mwenye mtoto wa miaka miwili ana kliniki ya kupima uzito tu. Skuli ya maandalizi, ile ya kabla ya darasa la kwanza, umri wake bado. Hapo katikati mtoto analelewa na bibi, au na dadake anayekosa skuli kwa ajili yake. Tunataka mahala pamoja: mtoto apimwe, acheze, anywe uji, na mzazi apate wa kumuuliza, ikiwa ni kunyonyesha, mtoto kuchelewa kusema au mambo mazito ya nyumbani. Kiwanja tumeshapewa. Nusu ya kamati wanataka tujenge kwanza, nusu wanataka huduma zianze. Tuanzie wapi?

Nesi_wa_Wete
Waaleikum salam. Anzeni na huduma. Kliniki naandika kwenye kadi kuwa uzito umeshuka, mwalimu haioni kadi ile, na afisa wa ustawi hajui kuwa nyumba ile haijapika tangu jana. Mtoto mmoja, watu watatu, hakuna ajuaye la mwenzake. Hata jengo la ghorofa halitibu hilo.

Mwongozo wa malezi uliotolewa 2018 na WHO, UNICEF na Benki ya Dunia unataja mambo matano yaendayo pamoja: afya, lishe, mzazi kumwitikia mtoto, usalama, na kujifunza mapema. Chukueni siku ya kliniki ambayo kina mama tayari wanakuja. Mwalimu aje na vitu vya kuchezea, mhudumu wa afya ya jamii awepo, na wakimaliza wakae wapitie watoto mmoja mmoja. Ila mpate chumba chenye mlango. Mama aliyepigwa hasemi kwenye foleni.

Mama_Mwani
Na saa je? Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yanapwa asubuhi, saa zile zile za kliniki, na sisi tuko pwani na mwani. Nikikosa bamvua nimekosa pesa. Fungueni alfajiri au baada ya alasiri siku hizo, na pawe na wa kubaki na watoto. Msimu wa karafuu ndio kabisa, wengine wanahamia dago, kambi za wachumaji, na watoto wao. Kalenda ya kituo itungwe na kina mama wenyewe, jamani, isiletwe kutoka ofisini.

Mwalimu_Mstaafu
Namuunga mkono nesi, lakini choo na maji visisubiri. Watoto thelathini bila choo ni kuwatafutia maradhi.

Halafu msidhani mnaanza patupu. Programu ya maandalizi ya madrasa, chini ya taasisi ya Aga Khan, ilianza Mombasa miaka ya 1980 ikafika kwetu Unguja na Pemba. Nguvu yake ilikuwa kamati za wenyeji, walimu wa kijiji kile kile, na vifaa vya vifuu, makuti na vitambaa. Nendeni mkazione skuli hizo, mzungumze na walimu. Pa kuangalia sana ni posho. Mlezi wa kujitolea anavumilia msimu mmoja, akiolewa au akipata kibarua anaondoka, na mtoto aliyeshamzoea anaanza upya na mgeni. Pesa ya walezi itafutwe kabla ya pesa ya saruji.

Shamba_Konde
Kuhusu kiwanja: kina mikarafuu au minazi? Kwetu ardhi na miti huweza kuwa na wenyewe tofauti. Maandishi yapite kwa sheha na ofisi ya ardhi, yasibaki ya mdomo.

Mwanakamati_Kaskazini
Ahsanteni sana. Mikarafuu ipo, ya marehemu mmoja, na warithi wengine wako Unguja. Tutawatafuta kwanza. Saa za kituo tutawauliza kina mama wa mwani kabla ya kikao kijacho, na choo tutachimba wakati huduma zikiendelea kliniki. Mwalimu, kwa posho: kuna shehia mnayoijua inayolipa walezi kwa michango ya wazazi, na wasiojiweza inawafanyaje?

Mwalimu_Mstaafu
Zipo. Baadhi hupokea muhogo, samaki au siku ya kufagia badala ya pesa, na asiye na kitu hasemwi. Jina lake linajulikana na mweka hazina peke yake.