Fomu za mikataba za dukani: zipigwe marufuku au ziachwe?

Mwanzisha mada, Busia:
Ndugu zangu, nazungumzia zile fomu za mikataba na za kesi za madai zilizokwisha andikwa. Unazipata stesheneri au unazipakua kwenye intaneti, unajaza jina, kiasi na tarehe, basi. Mawakili wengi hapa Uganda wanataka ziondolewe sokoni. Wafanyabiashara wadogo wanasema bila hizo hawana pa kwenda. Msimamo wangu: ziachwe kwa deni na kodi ya nyumba, zikatazwe kabisa kwenye ardhi.

Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi. Pointi hiyo ni kipimo cha pesa katika sheria zetu; moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo mpaka ni 500,000. Ng'ombe mmoja tu anaupita. Mchuuzi amelazimishwa kuandika, na kwenye kesi za madai hana haki ya wakili wa kulipiwa na serikali. Akikimbilia fomu, mimi simlaumu.

Ardhi ni jambo lingine. Katiba yetu inatambua umiliki wa aina nne: mailo (umiliki wa kudumu wenye hati, hasa Buganda, ambapo wapangaji wa jadi nao wana haki ya kukaa), ardhi huru (freehold), ardhi ya kukodi na ya kimila. Fomu ya dukani inajua aina moja tu: "muuzaji amemuuzia mnunuzi kiwanja." Haiulizi kama mke au mume ameridhia, wakati Sheria ya Ardhi ya 1998 inadai ridhaa hiyo kwa ardhi ya familia. Ukinunua kibanja, yaani haki ya mpangaji kukaa kwenye mailo ya mtu mwingine, haiulizi kama mwenye ardhi alipewa nafasi ya kwanza ya kukichukua. Mbaya zaidi ni zile zilizonakiliwa kutoka Kenya, zinazotaja kibali cha Land Control Board, bodi ya Kenya ya kuidhinisha mauzo ya mashamba. Chombo hicho hapa Uganda hakipo! Mtu anaweka sahihi chini ya sharti lisiloweza kutimizwa, halafu kesho anauliza kwa nini shamba lina mgogoro.

Mfanyabiashara, Kampala:
Mzee, umesahau mahakama ya madai madogo. Kanuni zake za 2011 zinaruhusu madai yasiyozidi milioni 10, mawakili hawaingii, na fomu zimetolewa na mahakama yenyewe. Tunadaiana bidhaa, tunajaza, tunasikilizwa. Kama fomu ni sumu, mbona mahakama inazitumia?

Wakili, Mbale:
Kwa sababu zile zimetungwa na mahakama kwa utaratibu mmoja unaojulikana. Tatizo langu ni fomu inayomfanya mtu aamini amejitetea kumbe hajajitetea. Nitatoa mfano mmoja, kwa kuwa ndio unaoumiza watu zaidi.

Ukishtakiwa kwa kesi ya kawaida, unatakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 15 baada ya kupokea samansi. Lakini iko kesi ya mkato (summary suit), chini ya Amri ya 36 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, inayotumika sana kwenye madeni ya kiasi kinachojulikana. Hapo huna haki ya kujitetea moja kwa moja. Kwanza unaomba ruhusa ya mahakama, ukiambatanisha kiapo cha maandishi, na samansi inakupa siku 10. Sasa mtu anapata samansi hiyo, anakwenda stesheneri, anauziwa fomu ya utetezi wa kawaida, anaijaza vizuri kabisa na kuipeleka. Haimsaidii kitu. Siku zinapita, hukumu inatolewa dhidi yake, na pengine hilo deni alikwisha lilipa na risiti anazo nyumbani.

Msiniambie Kifungu cha 126 cha Katiba kinachotaka haki isizuiwe na ufundi wa kisheria. Nakiheshimu, ila hakiponyi kila kosa. Na Sheria ya Mawakili tayari inamkataza asiye wakili kutayarisha kwa malipo hati za kuhamisha mali na za kesi. Marufuku tunayoijadili ipo, haisimamiwi tu.

Mchangiaji, Kasese:
Mimi nataka kusema juu ya mikopo. Huku kwetu mkopeshaji hakupi fomu ya mkopo, anakupa fomu ya mauzo. Umekopa, lakini karatasi inasema umeuza kiwanja au pikipiki. Ndugu yangu alisaini hivyo kwa sababu ya karo. Alipochelewa, waliomkopesha walikuja na karatasi yao na mashahidi wao. Haikuwa na kosa hata moja la uandishi. Ingeandikwa na wakili ingekuwa nzuri zaidi, na uongo ungekuwa uleule.

Mchangiaji, Arua:
Dada, pole sana. Na wengi wanaosaini hizo ni watu wa dole gumba. Iko Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma: anayemwandikia mtu hati lazima aandike humo jina lake kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba aliagizwa na kwamba alimsomea na kumweleza. Tazameni fomu yoyote ya dukani. Jina la mwandishi liko wapi? Aliyeijaza ni kijana wa kompyuta, amelipwa, hajulikani.

Mwanzisha mada, Busia:
Wa Kasese na wa Arua mmenisogeza. Naongeza mikopo yenye dhamana kwenye orodha ya kukatazwa, na kwa fomu zinazobaki nataka jina na anwani ya aliyejaza ziwe sharti kwa kila mtu, anayesaini ajue kusoma asijue.

Kuna na lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai inasema lugha ya mahakama ni Kiingereza. Sawa, hati ya Kiingereza iende mahakamani. Nakala ya Kiswahili, Kiganda au Kilugbara ibaki mkononi mwa aliyesaini.

Wakili, hoja yako ya Amri ya 36 sina jibu lake, umeshinda hapo. Lakini nijibu hili: anayedaiwa milioni moja na laki mbili, ana siku 10, na wakili wa karibu anataka laki tano kabla ya kufungua faili, unamwambia aende wapi?