Kumsaidia mpiga kura asiyeona: msaidizi mmoja anaruhusiwa watu wangapi?

kijana_wa_kayole
Wadau, kikundi chetu kina orodha ya wazee 12 watakaohitaji msaada kwenye uchaguzi mkuu wa Kenya, Agosti 10, 2027. Wengine hawaoni, wengine hawajui kusoma, mmoja yuko kwa kiti cha magurudumu. Tunafikiria kuweka watu watatu kituoni kutwa nzima, wawe wanawaingiza mmoja mmoja. Sheria inaruhusu? Mmoja wa hao watatu ni wakala wa chama.

karani_mstaafu
Hapo mtakwama. Kanuni ya 72 ya Kanuni za Uchaguzi za 2012 inampa msaidizi mpiga kura mmoja tu. Akimaliza na mzee wa kwanza, kazi yake imeisha. Wakala mwondoe kabisa, wakala na mgombea hawaruhusiwi kusaidia. Msaidizi awe ametimiza miaka 18, na abebe kitambulisho.

Pia si nyinyi mnaochagua. Mzee ndiye anayesema mbele ya msimamizi wa kituo, "huyu ndiye wangu." Mkifika na orodha yenu mkononi, mawakala watapiga kelele, na watakuwa na haki.

Nyambura_K
Kabla ya kuingia kibandani, msaidizi anajaza Fomu 32 mbele ya msimamizi, akiahidi kutunza siri. Isichanganywe na 32A. Hiyo ni ya mpiga kura ambaye KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, imekataa alama zake za vidole, akatafutwa kwa nambari ya kitambulisho. Wazee waliolima miaka mingi vidole vimelainika, kwa hiyo mzee mmoja anaweza kuhitaji zote mbili. Msishtuke.

Karatasi za kura ni sita. Ndani, msomee majina yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini. Kumuuliza "ni yule wetu, sivyo?" ni kumchagulia. Alama ikienda kwa jina lisilo lake na karatasi haijaingia sandukuni, irudishwe kwa msimamizi, ataifuta na kutoa nyingine. Rangi ya kifuniko cha sanduku inalingana na ya karatasi. Ile ya rais ni nyeupe.

kijana_wa_kayole
Na tukikosa watu 12?

karani_mstaafu
Asiyekuja na mtu anasaidiwa na msimamizi wa kituo mwenyewe, mawakala wakiwepo. Si karani, si askari wa mlangoni. Ni halali, lakini mzee atataja chaguo lake mbele ya watu wa vyama, na mtaani wanajuana. Kwa hiyo tafuteni kwanza jamaa: mjukuu, jirani, mtu wa kanisani. Wale wenu wawili, bila yule wakala, wabakizieni wasio na mtu kabisa.

Nyambura_K
Yule wa kiti cha magurudumu mtoeni kwa hesabu kama anaona na mkono wake unafanya kazi. Msukumeni hadi ndani, apige kura peke yake. Fomu 32 ni ya asiyeweza kuweka alama au kusoma. Na kujifanya huoni au hujui kusoma ili usaidiwe ni kosa la uchaguzi. Hiyo ndiyo mbinu ya wanaonunua kura: wanataka kushuhudia alama ikiwekwa, ndiyo maana msimamizi makini huuliza maswali mawili matatu kabla ya kutoa fomu.

kijana_wa_kayole
Sawa. Basi ni wazee 11, wasaidizi 11. Naanza kupigia wajukuu simu.