Umeshafungiwa, au umeshamfungia mtu, kwenye kazi ya pamoja mtandaoni? Tupeane uzoefu

Mzabibu Mkavu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Tuna kundi letu hapa Dodoma la watu wanaoandika kuhusu kata na vijiji vya mkoa huu kwenye Wikipedia. Jana mtu mmoja katolewa, na tangu alfajiri simu yangu haijatulia. Huyu anasema kaonewa, yule anasema tumechelewa kumtoa. Kabla sijasema niko upande gani, nataka kusikia kutoka kwenu. Umewahi kufungiwa? Umewahi kumfungia mtu? Ilikuwaje, na iliishaje?

Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mnayajua mabishano ya jina la mji wetu. Kuna wanaosema tembo alikuja kunywa maji kijitoni akazama kwenye tope, wazee wakasema "idodomya", yaani amezama. Kuna wanaosema ni ng'ombe wa Wahehe: waliibwa, wakachinjwa, wakaliwa, halafu mikia ikachomekwa kwenye tope. Wenyewe walipokuja kuulizia mifugo wakaonyeshwa mikia, wakaambiwa ng'ombe wote wamezama. Mimi ni mtu wa tembo. Babu kasema tembo, basi.

Usiku mmoja, kwenye Wikipedia ya Kiingereza, nikakuta mtu kaweka mikia juu na tembo chini. Nikabadilisha. Akarudisha. Nikabadilisha, akarudisha. Mpaka naenda kulala nilikuwa nimetengua kazi yake mara tano, na nilijiona shujaa. Asubuhi nimefungiwa saa 24. Kumbe kule ukitengua kazi za wenzako kwenye ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya siku moja unaweza kufungiwa, na kuwa na hoja sahihi hakukuokoi. Hicho ndicho kilichoniuma kuliko zile saa zenyewe.

Aliyefungiwa kwa kawaida huachiwa ukurasa wake wa majadiliano ili apate pa kusemea. Nikaandika rufaa ya aya nne, zote kuhusu ubaya wa yule wa mikia. Ikakataliwa. Nikaelezwa kwamba rufaa ni mahali pa kusema wewe ulifanya nini na utafanya nini tofauti, mambo ya mwenzako hayahusiki. Baadaye tulizungumza, tukakubaliana hadithi zote mbili zikae, kila moja na chanzo chake. Mtu mstaarabu tu, wala si Mhehe.

Haya, leteni.

Ramani ya Pori

Mkuu, mimi nilifungiwa kwa saa sifuri. Msicheke.

Nachora ramani kwenye OpenStreetMap, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza. Mnajua serikali ilivyoanza kuhamia huku 2016, viwanja vilipimwa kila upande. Nikapata mchoro wa eneo moja nje ya mji, mitaa imenyooka kama imepigwa rula, nikaichora yote. Siku mbili tatu jamaa mmoja anayepita huko kwa pikipiki akaifuta. Nikairudisha. Akaniandikia kwa upole kwamba hapo hakuna mtaa, kuna miiba na mbuyu mmoja. Sikumjibu. Kwa kweli nilikuwa sijui hata ujumbe unasomewa wapi.

Siku moja naingia, siwezi kuchora. Nimefungiwa kwa saa sifuri! Maana yake ni kwamba mlango umefungwa mpaka uingie na kusoma ulichoandikiwa, ukishasoma unafunguka hapohapo. Kumbe wameshakutana na wengi wa aina yangu, mtu ana nia nzuri ila hasikii. Nikaambiwa tunachora kilichopo ardhini, na mchoro wa watu hauchukuliwi bila ruhusa ya mwenyewe. Nikaenda kuangalia kwa macho yangu. Mbuyu ulikuwepo. Nikauchora.

Mama Zabibu

Wanangu, hayo ya kwenu yana wenye kuyaandikia sheria. Sisi wakulima wa zabibu Hombolo tuna kundi la WhatsApp na jedwali moja la bei, kila mtu anaandika leo kauza kilo kwa shilingi ngapi na kwa nani. Mavuno yanakuja mara mbili kwa mwaka, na zabibu haisubiri, ikishaiva ukichelewa inakuozea shambani. Kwa hiyo bei ya kwenye jedwali ni kitu kikubwa.

Dalali mmoja alikuwa humo. Akawa anaingia usiku anashusha bei za watu. Asubuhi mkulima wa Mpunguzi anasoma, anashtuka, anauza kwa bei hiyo, tena kwa dalali huyohuyo. Nilipomgundua nilimtoa saa tano usiku, sikumuuliza mtu.

Baada ya siku tatu ikaja namba mpya, picha ya maua. "Shikamoo mama, mimi ni mkulima mdogo naomba kujifunza." Nikampokea. Ujumbe wake wa pili ukaishia na "ni hayo tu." Huyu dalali kila alichokiandika tangu tumjue kilikuwa kinaishia na ni hayo tu! Nikamtoa. Akaja na namba ya mkewe. Ndipo nikaweka kwamba hakuna anayeingia mpaka admin akubali.

Wa Kibaigwa

Shikamoo mama. Samahani nikuulize: aliposhusha bei, na zako zilikuwemo? Na wewe ndiye admin peke yako? Maana hiyo ni kesi ya ngedere kaamua nyani.

Mama Zabibu

Marahaba. Zangu zilikuwemo, ndiyo. Na nilikuwa peke yangu. Alikuwa na kosa, lakini hilo watu waliniambia, nikanyamaza kwa sababu ni kweli. Tukaitana chini ya mwembe, naye akaitwa, wakachaguliwa admin wengine wawili. Wao ndio walioamua: kwenye jedwali asome tu, asiandike, msimu mmoja. Mimi nilitaka aondoke kabisa. Nilishindwa.

Mzabibu Mkavu

Mama, mmefika penyewe bila kusoma popote. Kwenye Wikipedia kuna kumfungia mtu asihariri ukurasa fulani tu, kwingine aendelee na kazi. Na mkabidhi (ndivyo wanavyoitwa kwenye Wikipedia ya Kiswahili) akiwa ndani ya ugomvi anatakiwa ampishe mwenzake aamue. Shida ni kwamba jamii ndogo ina wakabidhi wachache, unaweza kukuta asiyegombana na mtu ndiye hayupo.

Mwalimu Kongwa

Langu fupi. Chumba cha kompyuta, wanafunzi wakaanza kuandika majina yao ya utani kwenye makala ya tembo (tena tembo!). Anwani ya intaneti ni moja kwa chumba kizima, ikafungiwa kwa saa 31. Nikajiuliza, kwa nini 31? Nikaja kuambiwa: ukifunga saa 24, kesho kipindi kilekile mtoto yuleyule amekaa kiti kilekile. Zile saba za juu zinampitisha. Aliyewaza hilo bila shaka amewahi kufundisha.

Binti wa Makole

Nyie mnacheka, mimi sina la kuchekesha.

Nilikuwa kwenye kazi ya kutafsiri programu kwa Kiswahili, tuko kama ishirini. Kaka mmoja hodari sana, anatafsiri kuliko wote. Usiku anawatumia wasichana ujumbe wa faragha. Tukafuata ngazi: onyo la kwanza, onyo la pili, kufungiwa siku moja, kufungiwa wiki. Wakati sisi tunapanda ngazi, wasichana wawili wakaondoka na hawakurudi. Yeye alikuwa bado anadaiwa onyo moja.

Kwa hiyo nikisikia "mpe nafasi, atajirekebisha", nauliza nafasi hiyo inalipwa na nani. Mtu wa kushusha bei na mtu wa kusumbua watu usiku msiwaweke kwenye ngazi moja.

Mzabibu Mkavu

Dada, pole sana. Hata kule kwenye Wikimedia, taasisi inayoendesha Wikipedia, hayo hayasubiri onyo la tatu. Bodi yao ilipitisha Kanuni ya Maadili ya Jumla mwishoni mwa 2020, na mtu wa namna hiyo anaweza kuondolewa kwenye miradi yote kwa mara moja, hata na taasisi yenyewe.

Nirudi kwa yetu ya jana. Nimesoma yote haya na nimegundua kitu kinachonitia haya. Tuliyemtoa tulimtoa kwa kupiga vidole gumba kwenye ujumbe mmoja. Vidole tisa, dakika kumi. Hakuna mahali tulipowahi kuandika nini kinamtoa mtu, kwa muda gani, na akitaka kurudi anamwona nani. Na mimi kidole changu kilikuwemo. Leo jioni nampigia, nisikie na upande wake.

Mpita Njia Manyoni

Wakuu, mimi nimesoma kimya tangu asubuhi. Nimefungiwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza bila ukomo, kwa sababu nilifungua akaunti ya pili nikawa najiunga mkono mwenyewe kwenye mabishano. Nilielezwa nikikaa miezi sita bila kujipenyeza kwa akaunti nyingine, naweza kuomba. Nimebakiza wiki mbili. Nikifika naandikia wapi?

Mzabibu Mkavu

Kwenye ukurasa wako wa majadiliano, ndugu, kwa akaunti ileile ya kwanza. Andika aya moja tu. Na yule uliyekuwa unabishana naye, usimtaje.