Re: Gesi ya RV: depo ya kwanza wamekataa kujaza, ya pili risiti haieleweki

Baba Tumaini (Columbus):
Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nimechukua motahomu (RV, gari lenye nyumba ndani) iliyokwisha tumika, Class C (ya ukubwa wa kati), BMV (ofisi ya usajili wa magari) nimeshamalizana nao, taito na pleti viko sawa. Kasheshe ni gesi. Depo ya kwanza dada wa ofisini kachungulia tangi akasema halina tarehe, miaka 12 imeshapita, nikalete cheti ndio wajaze, cheti cha nani wala hakusema. Depo ya pili wakajaza bila swali lolote ila risiti inasoma galoni 12.6, na kabla ya hapo paneli ya ndani ilikuwa bado inawasha taa ya theluthi moja. Bamba la tangi linasema WC (ujazo wa maji) galoni 17.6. Sasa nimepigwa au taa ndio zinadanganya? Na nitajuaje kilichomo humo ndani?

Mama Eliya (Minneapolis):
Pole baba. Hiyo miaka 12 ni ya mitungi ya DOT (Idara ya Usafiri ya Marekani), ile ya kubeba mkononi inayokaa mbele ya trela. Lako limefungwa kwenye fremu, ni ASME (viwango vya chama cha wahandisi wa mitambo), halina mambo ya ku-expire. Piga picha bamba, rudi umwoneshe huyo dada, akikataa muombe bosi wake. Sisi walitusumbua hivyohivyo hadi mume wangu akalala chini ya gari na tochi kwenye theluji, bamba lilikuwa limepakwa rangi ya chasisi huwezi kusoma herufi hata moja.

Shomari (Houston):
Mama Eliya ni kweli lakini hujamjibu hesabu. WC ni maji, si gesi. Tangi la propeni linajazwa asilimia 80 tu, inayobaki ni nafasi ya gesi kutanuka jua likipiga. Kwa hiyo 17.6 yako ni galoni 14 na kidogo, basi. Wakati wanajaza simama uangalie (abiria wote washuke, friji na pailoti, yaani vimoto vidogo vya kuwashia, zimezimwa). Pembeni kuna kaskrubu kadogo, kijana wa pampu anatakiwa akafungue, kakianza kutema ukungu mweupe ndio 80 imefika, afunge. Asiyekafungua mwambie asante, ondoka.

Wambo (Dallas):
Si mumwambie tu anunue ile geji ya kufunga kwa regyuleta, iko na kijani na nyekundu, ni pesa kidogo tu.

Shomari (Houston):
Wambo hiyo ni geji ya PRESHA. Presha ya propeni inafuata joto, madamu kuna kimiminika hata kikombe kimoja itasoma kijani vilevile. Asubuhi ya baridi itakwambia huna gesi, mchana inakwambia umejaa. Usimpoteze mwenzio.

Wambo (Dallas):
Sawa mwalimu. Basi apime kwa mizani. Mtungi wa paundi 20 umegongwa TW (uzito wa mtungi mtupu) kwa kola, unatoa hiyo kwa uzito wote, unagawanya kwa 4.2 unapata galoni.

Mama Eliya (Minneapolis):
Tangi limefungwa kwenye fremu Wambo. Aibebe RV akaiweke kwenye mizani ya bafuni? 😂 Baba Tumaini, kwenye tangi lenyewe nje kuna geji ya boya yenye mshale, soma hiyo, hizo taa za ndani zinategemea kakifaa ka umeme kanakoshika vumbi na kutu. Au hesabu matumizi: galoni ina kama BTU (kipimo cha joto) 91,500, hita yako ikiwa ya 30,000 kwa saa ikiwaka mfululizo inamaliza galoni kwa masaa matatu. Huku kwetu Januari ndio utajua hujui.

Bi Zuhura (Bremen):
Nyie mnadekezwa. Huku Ujerumani tangu Juni 2025 G 607 (ukaguzi wa gesi ya RV) ni lazima kila baada ya miaka miwili, mtu anakuja na kifaa anapima kama mabomba yanavuja, na mtungi wa kilo 11 ukajaribu kuujaza kwenye pampu ya Autogas (gesi ya kuendeshea magari) ni marufuku, unabadilisha dukani. Nakumbuka Tanga, kijana wa bodaboda analeta mtungi mpaka jikoni, anafunga mwenyewe, anawasha, ndio unamlipa.

Wambo (Dallas):
Na mara ngapi ulipata seal imechezewa? Embakasi, Nairobi, Februari 2024 gesi ililipuka watu wakafa kwa sababu ya depo iliyokuwa katikati ya nyumba za watu. Mimi hawa wa kuuliza cheti heri wasumbue.

Mzee Kilindi (Toronto):
Huko nyumbani nako wamejiwekea 80 yao, asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi unapewa bure na mheshimiwa na picha unapigwa. Ukiisha? Unasukumwa uvunguni, mama anarudi kwenye mkaa.

Shomari (Houston):
Mzee wangu kwa heshima, dada yangu Muheza anapikia gesi mwaka wa tatu, si kila kitu ni picha.

Mzee Kilindi (Toronto):
Dada yako ana kaka Houston. Nazungumzia asiye na wewe.

Msimamizi:
Siasa ina listi yake jamani. Na mkijibu futeni maandishi ya chini, email imekuwa ndefu kama treni.

Baba Tumaini (Columbus):
Nashukuru wote. Mshale wa nje naona unagota kwenye 80. Ila bado, theluthi ya galoni 14 ni kama 4.7, ilibaki nafasi ya 9 na kitu, hizo tatu za juu zimeenda wapi?

Wambo (Dallas):
Baba T wewe si ndio unaenda harusi ya Baltimore na hiyo RV? Kuna nafasi ya masanduku mawili ya mamangu, ako hapo Columbus.

Shomari (Houston):
Kama anaenda Baltimore asifuate GPS kichwakichwa. Mahandaki ya hapo, Fort McHenry na Harbor Tunnel, hawaruhusu mtungi wa propeni wa zaidi ya paundi 10, hata koki ikiwa imefungwa. Zamani tulipita daraja la Key Bridge, lilianguka Machi 2024, sasa azunguke na barabara ya 695 kwa juu.

Wambo (Dallas):
Masanduku si gesi bana. Nimpe mama namba yako?