Hizi bustani za michezo zinauza tiketi au zinauza foleni??

Jamani wadau leo acha niseme, hizi bustani kubwa za burudani zimetuzidi. Umelipa getini, umefika kwenye rola kosta (ile treni ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi), kibao kinasema foleni dakika 90, ukajipa moyo ukaingia. Kumbe foleni wameikunjakunja na kuizibia kuta makusudi usione mwisho wake, ukikata kona unadhani ndo umefika unakutana na ukumbi mwingine umejaa watu wamekaa chini. Mtoto amebanwa mkojo, ukitoka nafasi imeliwa. Na mchezo wenyewe eti dakika mbili!

Mimi wingi wa watu sina shida nao, shule zikifungwa tutajaa tu. Kinachoniuma ni ule mlango wa pembeni wa walioongeza hela. Simama pale foleni mbili zinapokutana umwangalie yule kijana anayefungua na kufunga mnyororo, wenye pasi ya kulipia anawapitisha kundi zima, sisi anatupimia kama dawa ya kikohozi, wanne, watano, anafunga. Piga hesabu, rola kosta ikibeba watu 1,200 kwa saa na viti 800 vikaenda kwa wenye pasi, nyie huku mnagombania 400, kwa hiyo foleni ya watu 600 ambayo ingeisha nusu saa inakula saa moja na nusu. Halafu wanakuja kukuuzia pasi ya kukwepa foleni waliyoirefusha wenyewe! Na siku hiyohiyo ya mafuriko ya watu treni moja tu ya rola kosta ndo inazunguka, ya pili imepaki pembeni tunaiona kwa macho.

Msiniambie haiwezekani vingine. Disney, wale wenye bustani kubwa kule Marekani, walivyoleta FastPass (pasi ya kukwepa foleni) mwaka 1999 ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi, unapewa saa ya kurudi unaenda zako kutembea, mpaka 2021 ndo kule Marekani wakaifuta hiyo ya bure wakaweka ya kulipia (zipo bustani nyingine zilikuwa zinauza tangu kitambo, najua). Na 2020 walipofungua tena baada ya korona si walipunguza idadi, watu wakawa wanabuku siku kabisa? Kwa hiyo kufunga mauzo ya tiketi watu wakijaa wanaweza, wakitaka.

Kama kuna mtu alidai hela yake akarudishiwa aseme alifanyaje, maana mimi pale dirisha la huduma kwa wateja nimepewa pole na ramani ya bustani. Ramani! Ya nini sasa, wakati siku nzima nimesimama sehemu moja