Naomba ushauri: je, ninaweza kuanza kliniki upya katika zahanati nyingine?

Tulizana (mleta uzi): Habari zenu wanajukwaa. Nina ujauzito wa wiki 24 na ninaishi Sengerema. Zahanati yetu iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na siku ya kwanza nilirudishwa nyumbani kwa sababu sikuongozana na mume wangu, ambaye yuko kwenye machimbo ya dhahabu Chunya. Je, kituo kingine kinaweza kuniandikisha upya na kunipa kadi mpya? Naomba nisiulizwe maswali mengi.

Babu Kigoda: Pole, binti yangu. Mke wangu alishikwa na uchungu tukiwa juu ya kivuko, na mtoto alizaliwa kabla hatujagusa ng'ambo, mama muuza dagaa akiwa ndiye mkunga. Vijana wa leo mnalalamikia mwendo wa saa moja na nusu!

Mwanasheria wa Kijiweni: Huduma kwa wajawazito ni bure kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji akuandikie barua kwamba mwenza wako yuko safarini.

Mkunga Mstaafu: Hujajibiwa bado, mwanangu, kwa sababu hujasema yote. Aliyerudishwa bila kuandikishwa hana kadi, sasa hiyo "mpya" inachukua nafasi ya ipi?

Tulizana: Shikamoo mama. Kadi ninayo. Niliporudi mara ya pili nilimkodi kijana wa bodaboda kwa shilingi 10,000 ajifanye mume wangu, kama wanavyofanya wengi hapa kwetu. Tulipimwa pamoja. Mimi sikukutwa na tatizo, lakini yeye alikutwa na kaswende, na imeandikwa kwenye kadi kwamba mwenza arudi kuchomwa sindano. Mume wangu anafika Jumamosi, naye husoma kila karatasi iliyomo ndani ya nyumba. Kadi nimeifukia kwenye gunia la maharage, na nimekwisha kumwambia kwamba sijaanza kliniki. Msinilaumu, nilifanya hivyo kwa ajili ya mtoto.

Ustaadh wa Mtaa: Uongo huzaa uongo, dada yangu. Ungemsubiri mumeo.

Mama Pacha: Angemsubiri hadi lini, Ustaadh? Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki 12. Mimi wangu alikuwa kwenye chumba cha pili akitazama mpira, na bado alikataa kuja.

Shaka Haina Dawa: Uzi huu umetungwa. Nesi gani angeshindwa kumtambua mume wa kukodi?

Babu Kigoda: Hata mimi nimeanza kushuku. Bodaboda wa kwetu hashuki kwenye pikipiki kwa shilingi 10,000.

Tulizana: Nesi alikaribia kumtambua. Alimuuliza huu ni ujauzito wa ngapi, akajibu "wa kwanza", ilhali mimi nilikwisha kusema wa tatu. Nilicheka nikasema mume wangu ana masihara. Kijana alikuwa amepakata kofia yake ngumu muda wote, akiigongagonga kwa kucha, na tulipotoka aliniomba nimwongezee 2,000 kwa sababu ametolewa damu. Anayetaka kuamini aamini.

Mkunga Mstaafu: Iwe imetungwa au la, nitajibu, kwa kuwa nimewaona wanawake wa namna hii. Usiitupe kadi, kwani ina kundi lako la damu, wingi wa damu na dawa ulizokwisha kupewa, na usiku wa uchungu ndiyo itakayokusemea. Muombe nesi faragha umweleze ukweli, ili yule kijana atafutwe atibiwe na mumeo apimwe kwa jina lake mwenyewe. Kumshirikisha mwenza ni jambo la kuhimizwa, lakini si sharti la kumnyima mama huduma, na aliyekurudisha nyumbani alikosea. Uchungu ukianza usiku, piga 115 bila malipo, uombe usafiri wa dharura.

Tulizana: Nimekuelewa, mama. Nitakwenda Ijumaa, kabla hajafika. Ila nesi akisema lazima arekebishe kwenye kadi hiyo hiyo, si atakata kwa wino tu, na yaliyo chini yake yatasomeka?